Mfumo wa kampuni umegoma kwenye kivinjari: dalili, vyanzo na tiba

Usianze kwa kufuta kila kitu kwenye kivinjari. Ndilo shauri la kwanza ambalo karibu kila mtu hulitoa mfumo wa ofisi ukigoma, na katika mifumo ya biashara ya siku hizi linaweza kupoteza mauzo ya asubuhi nzima. Mifumo ya kuendeshea biashara kama Odoo na ERPNext, au ule mliotengenezewa na vijana wa hapo mjini, si kurasa za kusoma tu. Ni programu kamili inayoendeshwa ndani ya kivinjari: inapiga hesabu, inatunza rasimu, na katika baadhi yake sehemu ya mauzo huwa na hifadhidata yake ndogo ndani ya kompyuta ya keshia. Hapo mtandao ukikatika, keshia anaendelea kuuza, na risiti zinakaa humo zikisubiri kupelekwa kwenye seva.

Kwa hiyo, Chrome ikikuuliza ufute nini, tofautisha mambo mawili. Kufuta picha na faili zilizohifadhiwa kwa muda hakuna madhara. Kufuta vidakuzi (taarifa ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari) na data nyingine ya tovuti ndiko kunakoondoa mauzo yasiyotumwa, na yakishaondoka hakuna nakala nyingine popote. Kwanza hakikisha alama ya muunganisho kwenye skrini ya mauzo inaonyesha kwamba hakuna oda inayosubiri. Ndipo uguse.

Mwongozo huu nimeuandikia yule anayepigiwa simu: mtu wa TEHAMA aliye peke yake kwenye kampuni, au mhasibu ambaye wenzake wanamwona ndiye anayejua kompyuta. Nimeupanga kwa maneno wanayoyatumia wenye shida.

Kabla hujagusa kitu

Uliza maswali matatu. Ni mtu mmoja au wote? Ni skrini moja au mfumo mzima? Ilianza lini, na siku hiyo kilibadilika nini? Majibu hayo hupunguza kazi kuliko kifaa chochote. Akiwa mtu mmoja, tazama kompyuta yake, akaunti yake na ruhusa alizopewa. Likiwa tawi moja, tazama mtandao wa tawi. Wakiwa wote kwa mpigo, tazama seva, cheti chake cha usalama, au toleo jipya lililowekwa jana usiku. Skrini moja ikiwagomea wote huku nyingine zikienda, mara nyingi kuna rekodi moja mbovu au kosa la msanidi programu.

Ikiwa ni mtu mmoja, mwombe aingie yeye mwenyewe kwenye kompyuta ya jirani yake. Tatizo likimfuata, liko kwenye akaunti. Likibaki nyuma, liko kwenye kompyuta. Katika kompyuta hiyohiyo jaribu pia dirisha la hali fiche, ambalo huanza bila vidakuzi vya zamani na kwa kawaida huzima viendelezi, yaani vijiprogramu vilivyoongezwa kwenye kivinjari. Mfumo ukifunguka humo, umeshajua kwamba seva na mtandao ni wazima. Lakini usimwache keshia aendelee kuuzia humo: dirisha likifungwa, kila kilichohifadhiwa ndani yake kinafutika.

Kisha bonyeza F12. Kichupo cha Console kinaonyesha makosa ya programu yenyewe, na kile cha Network kinaonyesha kila ombi lililokwenda kwenye seva na namba iliyorudi. Namba 401 na 403 zinahusu kuingia na ruhusa. 404 ni faili au anwani isiyopatikana. 500 ni programu iliyoanguka kwenye seva, na sababu yake imeandikwa kwenye kumbukumbu za seva, kwa hiyo kuitafuta kwenye kompyuta ya mtumiaji ni kupoteza muda. 502 na 504 humaanisha mlango wa mbele wa seva uko hai ila programu iliyo nyuma yake imekufa au imechelewa kujibu. Ombi lisilorudisha namba yoyote halikufika, au lilizuiwa kabla ya kutoka. Piga picha ya skrini ya vichupo hivyo kabla ya kuburudisha ukurasa, maana ukiburudisha ushahidi unapotea.

"Ukurasa ni mweupe tu"

Programu za aina hii hupakua kwanza ganda tupu la HTML, kisha faili za JavaScript ndizo zinazojenga skrini. Ukurasa mweupe maana yake ganda limefika na JavaScript haikufika, au imefika ikaanguka.

Chanzo ninachokishuku kwanza ni toleo jipya lililowekwa wakati watu wamefungua mfumo. Majina ya faili hubadilika kila toleo. Kivinjari kilichoshika ukurasa wa jana kinaomba faili la jana, ambalo halipo tena. Seva hujibu 404, na Console inaandika ChunkLoadError. Seva nyingine hufanya vibaya zaidi: badala ya kukiri kwamba faili halipo, hujibu 200 na kutoa ukurasa wa mwanzo, hivyo kivinjari kinalalamika kwamba kilitarajia skripti kikapewa text/html. Mtumiaji abonyeze Ctrl+Shift+R na ataendelea na kazi yake. Tiba ya kudumu ni ya seva: ukurasa wa mwanzo, yaani index.html, upewe kichwa cha Cache-Control: no-cache ili kivinjari kiulizie upya kila mara. Faili zenye namba ya toleo kwenye jina zinaweza kukaa kwenye kache, yaani akiba ya kivinjari, hata mwaka mzima. Na faili za toleo lililopita ziachwe kwenye seva siku kadhaa badala ya kufutwa papo hapo. Wasanidi wengi husahau hili la mwisho, na ndilo linalowaumiza watu waliokuwa katikati ya fomu ndefu.

Ctrl+Shift+R ikisaidia leo na kesho shida ikarudi palepale, fungua kichupo cha Application, sehemu ya Service workers. Hicho ni kihudumu kinachokaa nyuma ya ukurasa na kugawa faili kutoka kwenye akiba yake hata mtandao usipokuwepo. Kikishika toleo la zamani, utaburudisha mpaka uchoke. Bonyeza Unregister, funga vichupo vyote vya mfumo, fungua upya. Usibonyeze Clear site data iliyo karibu na hapo, kwa sababu hiyo inafagia na hifadhidata ya mauzo.

Kwa wanaotumia Odoo kuna chanzo ambacho hujitokeza baada ya kuhamisha mfumo kwenda seva nyingine. Hifadhidata ya PostgreSQL imehamishwa salama, lakini folda ya filestore imeachwa. Faili za mtindo na JavaScript zilizokwisha kufungashwa hukaa kwenye folda hiyo, na hifadhidata inabaki na anwani za vitu visivyokuwepo. Ukurasa hutokea mweupe, au maandishi matupu yasiyo na rangi wala mpangilio. Menyu ya hali ya wasanidi, katika matoleo ya karibuni, ina amri ya kuunda upya mafurushi hayo, na skrini itarudi. Ila usiishie hapo ukafurahi. Picha za bidhaa, ankara zilizoskaniwa na viambatisho vya wafanyakazi vilikuwa kwenye folda ileile, na hivyo haviundwi upya. Lazima folda iletwe kutoka seva ya zamani kabla mwenye seva hajaizima. Nakala rudufu ya hifadhidata peke yake ni nusu ya nakala.

Vyanzo viwili vingine ni vyepesi kuvitambua. Kiendelezi cha kuzuia matangazo huweza kukata faili ambalo anwani yake inafanana na ya matangazo au ufuatiliaji, na Console huandika ERR_BLOCKED_BY_CLIENT. Ruhusu tovuti ya kampuni, basi. Na kompyuta yenye Windows 7 inaishia kwenye Chrome 109, toleo la Januari 2023. Kadiri wasanidi wanavyotumia JavaScript mpya zaidi, kompyuta hizo zinaanza kuonyesha SyntaxError mahali ambapo nyingine hazina shida. Hapo hakuna ufundi utakaosaidia zaidi ya kubadili mfumo endeshi.

"Kinasema muunganisho si salama"

Tazama saa ya kompyuta kwanza. Betri ndogo ya bodi kuu ikiisha, kila umeme unapokatika tarehe hurudi miaka mingi nyuma, na kivinjari kinaona cheti cha seva kama cha siku zijazo: ERR_CERT_DATE_INVALID. Kurekebisha tarehe ni dawa ya siku moja. Badilisha betri.

Wote wakipata onyo hilo kwa pamoja, cheti kimeisha muda. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku 90 na hutakiwa kujihuisha vyenyewe. Huacha kujihuisha pale mtu alipofunga mlango wa 80 kwenye ukuta wa moto, au alipohamisha jina la kikoa.

Yakigoma matableti ya zamani pekee, angalia toleo la Android. Vifaa vilivyo chini ya 7.1 havina cheti cha mzizi ambacho Let's Encrypt wanakitumia, na ule mnyororo wa zamani uliokuwa ukivibeba ulifikia mwisho 2024. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti vya mizizi, kwa hiyo huweza kukiokoa kifaa kwa muda mkiwa mnatafuta kingine.

"Ulikuwa unafanya kazi, sasa unadai Flash, Java au Silverlight"

Hapa nitakaa, kwa sababu bado kuna mashine za viwandani, mifumo ya rasilimali watu na dashibodi za kamera zinazotegemea vitu hivi, na wenye kampuni wanaambiwa hakuna la kufanya. Lipo.

Jina la programu tajiri za intaneti, yaani programu kamili zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, lilianza kuvuma 2002, Macromedia walipokuwa wakiitangaza Flash kama jukwaa la kazi za ofisi badala ya katuni. Adobe walipoinunua kampuni hiyo wakaendeleza Flex, zana ya kujengea programu za kazi juu ya Flash, Microsoft wakaleta Silverlight 2007, na kabla yao wote Java ilikuwa na apleti, vijiprogramu vyake vya ndani ya ukurasa. Kampuni nyingi zilijenga juu ya majukwaa hayo, kwa sababu HTML ya wakati ule haikuweza kuchora grafu wala kushughulikia jedwali kubwa. Zote zilitegemea programu-jalizi ndani ya kivinjari, na mlango huo ukafungwa hatua kwa hatua. Chrome iliacha kupokea programu-jalizi za mtindo wa zamani Septemba 2015, Firefox ikafuata Machi 2017 ikiibakiza Flash peke yake. Adobe walisitisha Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash Player yenyewe ilikataa kuonyesha kitu. Silverlight ilikoma kupata msaada 12 Oktoba 2021. Internet Explorer 11 ilistaafishwa 15 Juni 2022.

Hata taasisi kubwa zilikutwa hazijamaliza kuhama. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, Januari 2021 ililazimika kutoa kivinjari chake maalumu ili walipa kodi waendelee kujaza fomu ambazo zilikuwa bado za Flash.

Sasa, tiba kwa kila moja.

Mfumo ukidai Silverlight au kidhibiti cha ActiveX (programu-jalizi za Internet Explorer), tumia hali ya Internet Explorer iliyomo ndani ya Microsoft Edge. Microsoft wameahidi kuitunza angalau hadi 2029. Inawashwa kwenye mipangilio ya kivinjari chaguomsingi, kisha unaongeza anwani ya mfumo kwenye orodha. Anwani unayoiongeza kwa mkono hudumu siku 30, na hapo ndipo simu zinaporudi mwezi unaofuata mfumo ukiwa umegoma tena. Kwa ofisi nzima, tengeneza orodha ya tovuti ya kampuni kwa sera ya Windows ili isiishe muda.

Mfumo ukishusha faili la mwisho wa .jnlp halafu kimya, huo ni Java Web Start. Uliondolewa Java 11 ilipotoka Septemba 2018. Usilazimishe kuweka Java ya zamani kwenye kompyuta zote za ofisi. Weka OpenWebStart, programu huria iliyotengenezwa kuziba pengo hilo, na kwa kawaida faili lilelile litafunguka. Likidai cheti kilichotiwa saini upya, mrudie aliyewauzia. Wenye Oracle Forms wanayo njia yao: toleo la 12c lina kizinduzi kinachojitegemea, kisichohitaji kivinjari.

Mfumo wa Flash ndio mgumu. Ruffle, kiigizaji huria cha Flash, huendesha vizuri michezo na katuni za zamani, lakini programu za kazi zilizojengwa kwa Flex hutumia lugha ya ActionScript 3 na vipengele vingi ambavyo Ruffle bado haijavikamilisha. Jaribu, ila usimwahidi bosi. HARMAN, kampuni iliyokabidhiwa na Adobe kazi ya kuhudumia makampuni, huuza msaada wa Flash kwa wasioweza kuhama mara moja. Kuweka Flash Player ya zamani uliyoipata mtandaoni ni hatari ambayo siipendekezi kwa kampuni yoyote: haitengenezwi tena inapogundulika na tundu, na nakala nyingi zinazosambazwa zimechanganywa na virusi.

Jambo ambalo wenye mfumo wa Flex wanapaswa kulielewa ni kwamba kilichokufa ni uso tu, yaani skrini anazoziona mtumiaji. Data iko kwenye hifadhidata kama ilivyokuwa, na seva iliyokuwa ikizungumza na Flex kwa muundo wa AMF huenda bado inajibu hadi leo. AMF ni muundo uliochapishwa hadharani, na maktaba za kuusoma zipo kwa lugha kadhaa. Msanidi anaweza kujenga uso mpya wa HTML juu ya seva ileile bila kuandika upya kanuni za mishahara au hesabu za stoo. Flex yenyewe ilikabidhiwa Apache, taasisi ya programu huria, 2011, na Apache Royale ilianzishwa kusaidia kuhamisha msimbo wa aina hiyo. Kabla ya yote, pata nakala ya hifadhidata na nywila yake ya msimamizi. Nimesikia wafanyabiashara wakiambiwa na wauzaji kwamba data yao "imekwenda na Flash". Si kweli, na asikubali mtu kulipishwa mfumo mpya kwa hofu hiyo.

"Ni polepole sana"

Polepole zipo za aina mbili, na kipimo chake kiko kwenye Network. Tazama ombi moja lililochukua muda mrefu, uone kama muda uliishia kusubiri seva au kupakua.

Muda ukiishia kusubiri kwenye ombi moja kubwa, tatizo ni hifadhidata: ripoti inayosoma miaka yote badala ya mwezi mmoja, jedwali lisilo na faharasa, au msimbo unaouliza hifadhidata mara moja kwa kila mstari wa orodha. Kununua kifurushi kikubwa cha intaneti hakutabadili chochote.

Ukiona maombi mengi madogo, kila moja likichukua muda uleule, tatizo ni umbali. Seva ikiwa Ulaya na mtumiaji Arusha, safari ya kwenda na kurudi huweza kuwa milisekunde 150 au zaidi. Skrini inayotuma maombi 40 kwa kufuatana italipa sekunde 6 za safari tupu, hata kasi ya mtandao wenu ikiwa kubwa namna gani. Kwa itifaki ya HTTP/1.1 kivinjari hufungua miunganisho kama sita tu kwa seva moja; HTTP/2, iliyopitishwa 2015, huruhusu maombi mengi kwenye muunganisho mmoja. Kuiwasha kwenye Nginx, programu inayokaa mlango wa mbele wa seva nyingi, ni badiliko la mstari mmoja na huonekana mara moja. Baada ya hapo, mwombe msanidi aunganishe maombi, au hamishia seva karibu.

Wakati mwingine sababu iko baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na ofisi za Tanzania, Kenya na nchi jirani zikashinda siku kadhaa zikisuasua. Dalili yake ni kwamba tovuti zote za nje zinachelewa kwa pamoja huku huduma zilizo ndani ya nchi zikienda vizuri. Usibadilishe mipangilio ya seva siku kama hiyo.

"Unanitoa kila mara, naambiwa niingie tena"

Ikiwa mfumo umewekwa ndani ya fremu ya tovuti nyingine, tuseme ripoti ndani ya mtandao wa ndani wa kampuni, shuku vidakuzi. Tangu 2020 Chrome hukichukulia kidakuzi kisichotaja SameSite kana kwamba kimeandikwa Lax, hivyo hakitumwi ndani ya fremu ya kikoa kingine. Msanidi akiandike SameSite=None; Secure. Kivinjari cha Safari cha Apple huzuia kabisa vidakuzi vya tovuti nyingine tangu mwaka huohuo, kwa hiyo kwenye iPad dawa ya kweli ni kuweka mifumo yote chini ya kikoa kimoja.

Mkiwa na seva mbili nyuma ya kigawa mzigo, na kila moja inatunza vikao vyake peke yake, mtumiaji atatolewa kila ombi linapoangukia seva ya pili. Vikao vihamishiwe mahali pamoja, kama kwenye Redis, hifadhi ya haraka ambayo seva zote huisoma.

"Faili linakataa kupanda" na "ripoti haimaliziki"

Namba 413 unapopakia picha au faili la Excel: Nginx hukubali megabaiti 1 tu usipoiambia vingine. Ongeza client_max_body_size. Namba 504 kwenye ripoti baada ya dakika moja kamili: proxy_read_timeout ya Nginx ni sekunde 60 kwa chaguomsingi. Odoo nayo ina kikomo chake cha sekunde 120 kwa ombi, limit_time_real, kwa hiyo ukiongeza upande mmoja utagongana na mwingine. Kuongeza muda ni sawa kwa ripoti ya mwisho wa mwaka. Ripoti ya kila siku ikihitaji dakika tano, itengenezwe usiku.

"Oda haionekani mpaka niburudishe"

Jikoni hawaoni oda, soga haisogei, ila ukiburudisha vyote vinatokea. Hiyo ni websoketi, muunganisho unaobaki wazi ili seva isukume taarifa mpya, iliyokatwa njiani. Nginx lazima ipitishe vichwa vya Upgrade na Connection. Kwa Odoo kuna mlango wa pili, 8072, unaohudumia njia ya /websocket kuanzia toleo la 16, na /longpolling kwa matoleo yaliyotangulia. Aliyepandisha toleo bila kubadilisha mstari huo kwenye Nginx hukutana na dalili hii siku hiyohiyo.

"Mteja amelipa, mfumo hauoni" na "malipo yameingia mara mbili"

Malipo ya simu hayarudi kwa njia yaliyokwendea. Mfumo ukiomba M-Pesa imtumie mteja kidirisha cha kuweka PIN, jibu la kwanza linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo hasa hutumwa baadaye, moja kwa moja kwenye anwani ya seva yenu. Seva ikiwa kompyuta ya ofisini nyuma ya ruta, au cheti chake kikiwa kimeisha, matokeo hayafiki, na mteja anasimama kaunta akionyesha ujumbe wa simu huku skrini ikisema bado. Tazama kumbukumbu za seva kama ombi kutoka nje liliingia. Halafu weka utaratibu wa mfumo kuuliza wenyewe hali ya muamala baada ya muda mfupi, badala ya kungoja tu.

Kuingia mara mbili husababishwa na keshia aliyebonyeza tena mtandao ulipochelewa, au taarifa ileile iliyotumwa mara ya pili. Kuzima kitufe baada ya kubonyezwa husaidia, lakini hakutoshi. Namba ya muamala iwekewe sharti la kutojirudia kwenye hifadhidata yenyewe. Hapo hata taarifa ikija mara kumi, mstari utakuwa mmoja. Hili ningeliomba liandikwe kwenye mkataba na msanidi, kwa sababu anayeumia ni mteja na keshia, ambao wote hawana njia ya kuthibitisha kilichotokea.

"Tarehe imerudi nyuma siku moja"

Seva nyingi hutunza muda wa UTC, saa ya rejeleo ya dunia, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele yake. Mauzo ya saa saba usiku yameandikwa kwenye hifadhidata kama saa nne usiku wa siku iliyotangulia. Skrini ikigeuza muda vizuri, hakuna atakayegundua. Lakini ripoti iliyoandikwa moja kwa moja kwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ikikata siku kwa UTC, itapeleka mauzo ya baa na hoteli ya baada ya saa sita usiku kwenye siku isiyo yake, na hesabu za keshia hazitalingana na za mhasibu kamwe.

Kosa la pili liko kwenye JavaScript. Mtumiaji anachagua 1 Machi 2024 kwenye kalenda. Programu inaichukua kama saa sita usiku ya hapa, kisha inaigeuza kwa toISOString, na kinachotumwa ni 2024-02-29T21:00:00Z. Programu ya seva ikichukua sehemu ya tarehe tu, imepata Februari 29. Ankara imeangukia mwezi mwingine, na kodi yake pia. Tarehe isiyo na saa itumwe kama maandishi ya mwaka, mwezi na siku, isipitishwe kwenye muda kabisa.

Kampuni yenye matawi Mwanza, Kigali na Goma iamue mapema siku ya hesabu inafungwa kwa saa za wapi, maana Kigali na Goma ziko saa moja nyuma ya Mwanza. Na unapochukua maelezo ya mtumiaji, usiandike "saa mbili" ukaishia hapo. Uliza ni asubuhi au usiku, kisha geuza: saa mbili asubuhi ya Mwanza ni 08:00 kwenye kompyuta yake na 05:00 kwenye kumbukumbu za seva ya UTC. Nimeona mafundi wakisoma mistari ya 02:00 na kuapa kwamba hakukuwa na kosa lolote.

Jirani wa tatizo hili ni faili za Excel. 03/04 ni Aprili 3 kwa mhasibu na Machi 4 kwa kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, na namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sifuri yake Excel ikiichukua kama namba. Safu za simu ziwekwe kama maandishi kabla ya kubandika data, maana ukibadilisha baada ya kubandika sifuri haitarudi.

Ukishindwa na kulazimika kumwandikia muuzaji

Mtumie jina la mtumiaji, skrini aliyokuwepo, tarehe na saa pamoja na ukanda wake, toleo la kivinjari, na namba iliyoonekana kwenye Network. Ambatisha picha ya Console. Akiomba faili la HAR, ambalo ni rekodi ya maombi yote ya ukurasa, fahamu kwamba huweza kubeba vidakuzi vya kuingia na maudhui ya fomu. Mwambie mtumiaji atoke kwenye mfumo mara tu rekodi inapokamilika ili kikao kife, na usilipitishe faili hilo kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.